Jina unalosikia si la mwenye mnara: dhana potofu kuhusu redio za michezo za New York

Ukiwasha redio ukiwa New York, majina mawili ya michezo yatakufikia haraka: WFAN na ESPN New York. Ndugu zetu wanaoishi huko, na wale wanaofuatilia NBA kwa simu wakiwa Dar es Salaam au Mombasa, huzizungumzia redio hizi kana kwamba kila moja ni duka lenye mwenyewe mmoja. Sivyo zilivyo. Katika redio ya michezo ya Marekani kuna vitu vinne: masafa yenye leseni, kampuni inayoendesha kituo, mtandao wa redio (si intaneti) unaoleta vipindi na jina, na haki za kutangaza mechi. Kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe wake. Makosa karibu yote ninayoyasikia yanatokana na kuvichanganya vinne hivi.

Jambo lenyewe tunalijua kwa sura nyingine. Anayesikiliza matangazo ya Kiswahili ya BBC au DW kupitia kituo cha FM cha mkoani kwake anafahamu kwamba kituo kile si mali ya London wala ya Bonn. Ni redio mshirika: hupokea matangazo kwa saa zilizokubaliwa, kisha hurudi kwenye vipindi vyake. Huko Marekani mpango ni huohuo, ila fedha ni nyingi zaidi na mikataba imesokotana.

Dhana: Redio inayoitwa ESPN ni mali ya ESPN

Ukweli ni kwamba ESPN New York imekuwa mpangaji kwa muda mrefu, na historia yake inafaa isimuliwe polepole.

ESPN, kampuni ya televisheni ya michezo, ilianzisha mtandao wake wa redio tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 2001 ikaingia New York kwa kukodi masafa ya 1050 AM, na baadaye ikayanunua. Kwa miaka kadhaa, basi, jina na leseni vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na nadhani hapo ndipo dhana hii ilipopata mizizi. Aprili 2012 ESPN ikahamishia vipindi vyake vya mjini kwenye 98.7 FM. Masafa hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Emmis, kampuni ya Indianapolis, na ESPN iliyakodi kwa miaka 12. Aliyeondoka kwenye nyumba hiyo alikuwa Kiss FM, redio ya muziki iliyopendwa sana na Wamarekani weusi wa New York. Waliosikitika waliilaumu ESPN peke yake, ingawa aliyeamua kupangisha alikuwa mwenye nyumba.

Baadaye hata uendeshaji ulibadilika mikono. Vituo vya ESPN vya New York, Chicago na Los Angeles vikaenda kwa Good Karma Brands, kampuni yenye asili ya jimbo la Wisconsin. Jina la ESPN likabaki hewani, lakini anayelipa mishahara akawa mwingine. Mkataba wa 98.7 ulipofika mwisho, Agosti 2024, Good Karma hawakuendelea nao. Wakakodi 880 AM, masafa yaliyokuwa ya redio ya habari ya WCBS tangu 1967.

Wengi wakatangaziana kwamba ESPN imeinunua redio ya CBS, kampuni kubwa ya televisheni. Hakuna kilichonunuliwa, na CBS yenyewe haikuwa na redio hiyo tangu Novemba 2017, biashara yake ya redio ilipounganishwa na Entercom, ambayo leo inaitwa Audacy. Aliyewapangisha Good Karma masafa ya 880 ni Audacy. Na Audacy huyohuyo ndiye mwenye WFAN, yaani mshindani wao wa kila siku.

Hayo tu yangetosha, lakini kuna zaidi. Masafa ya 660 ya WFAN na ya 880 hurushwa kutoka mnara mmoja, kwenye kisiwa kidogo cha High Island upande wa Bronx, kila moja kwa nguvu ya wati 50,000. Watangazaji wa pande hizi mbili wanaposhindana kuhusu Knicks wa mpira wa kikapu au Yankees wa besiboli, sauti zao hutoka kwenye chuma kilekile, na kodi ya mmoja huingia kwa mwajiri wa mwenzake. Uhasama wa vipindi ni wa kweli, nisieleweke vibaya. Ila uhasama wa vipindi hauhitaji uhasama wa wamiliki.

Hata WFAN haikuzaliwa mahali ilipo sasa. Ilianza tarehe 1 Julai 1987 kwenye 1050, masafa yaleyale yaliyokuja kuwa ya ESPN, na iliyoianzisha ni Emmis, kampuni ileile iliyokuja kuwapangisha ESPN 98.7. Ilihamia 660 Oktoba 1988, Emmis ilipochukua masafa ya redio ya NBC.

Dhana: Mji mmoja, mtandao mmoja, redio moja

Wamarekani huuita mji na viunga vyake "soko", na kampuni ya Nielsen ndiyo inayochora mipaka ya masoko hayo inapopima wasikilizaji. New York ni soko nambari moja. Watu wengi hudhani mtandao ukishapata mshirika katika soko, milango mingine imefungwa. Lakini ushirika ni mkataba, na mkataba hugawanyika. Kituo kimoja kinaweza kuchukua vipindi vya mchana, kingine kikachukua vya usiku, cha tatu kikapata mechi tu.

New York ilionyesha jambo hili waziwazi. Matangazo ya Kihispania ya ESPN Deportes yalipofungwa Septemba 2019, masafa ya 1050 yakaanza kupeperusha vipindi vya ESPN vya nchi nzima, huku 98.7 ikiendelea na vipindi vilivyotengenezwa mjini. Jina moja, soko moja, redio mbili, na kazi tofauti.

Boston ilipita njia hiyohiyo mapema zaidi. WEEI, redio kongwe ya michezo ya mji ule, ilikuwa 850 AM. Mwaka 2009 mshindani wake, 98.5 The Sports Hub, alianza moja kwa moja kwenye FM. Miaka miwili baadaye WEEI ikahamia 93.7 FM, na mwaka 2012 masafa yake ya zamani ya 850 yakakabidhiwa vipindi vya ESPN. Angalia mpangilio wake: watangazaji wa nyumbani walipewa masafa bora, mtandao ukapewa yaliyobaki. Kwa mtu wa Boston, mtangazaji anayejua kwa nini Red Sox, timu yao ya besiboli, walipoteza jana usiku ana thamani kuliko sauti ya taifa inayopitia timu zote juu juu. Mimi naona wana haki. Redio ya michezo ni ya mji kwanza.

Dhana: Jina la mtandao ni jina la mwenye mtandao

Hii nitaipitia haraka. CBS Sports Radio ilianza kusikika saa 24 Januari 2013. Baada ya muungano wa 2017 iliendeshwa na Audacy kwa jina la kuazima, na Aprili 2024 jina likaachwa, mtandao ukaitwa Infinity Sports Network. Fox Sports Radio nayo husambazwa na Premiere Networks, kampuni ya iHeartMedia. Fox imetoa jina.

Dhana: Redio hununua vipindi kutoka kwa mtandao

Mara nyingi hakuna fedha inayotoka mfukoni. Ni biashara ya kubadilishana. Mtandao hutoa kipindi bure, redio hutoa dakika za matangazo ya biashara ndani ya kila saa. Dakika hizo mtandao huziuza kwa makampuni yanayotaka kusikika nchi nzima, na dakika zinazobaki redio huziuza kwa wafanyabiashara wa mjini, kama wauza magari na wenye mikahawa.

Ukilielewa hili utaelewa kwa nini mtandao hukubali hata masafa dhaifu ndani ya New York. Ni vigumu kumuuzia mtangaza biashara "nchi nzima" isiyo na soko nambari moja. Kwa hiyo 1050, ambayo mpenzi wa Knicks anaweza asiifungue mwaka mzima, ilikuwa na thamani kubwa kwenye meza ya mauzo.

Dhana: Ukiwa na mtandao, una mechi

Hapa ndipo wasikilizaji hupotea zaidi, hasa wageni. Haki za mechi huuzwa na timu na ligi, na zina njia zake. Mets, timu ya besiboli, walikuwa WFAN hadi 2013, wakaenda redio ya WOR, kisha tangu 2019 wakawa 880. Agosti 2024 redio ya habari ilipoondoka na ESPN New York kuingia, msimu ulikuwa katikati, na Mets hawakusogea. Mechi zilibaki palepale huku kila kitu kilichozizunguka kikibadilika. Yankees wao wako WFAN tangu 2014.

Zaidi ya hapo kuna kanuni za mashindano makubwa. Fainali za besiboli za 2024, Yankees na Dodgers, zilitangazwa kitaifa na ESPN Radio. WFAN, kwa kuwa ndiyo redio mama ya Yankees, iliruhusiwa kuzitangaza kwa sauti zake yenyewe, akiwemo John Sterling, mtangazaji wa Yankees aliyekuwa amestaafu mwezi Aprili na kurudi kwa ajili ya michezo hiyo. Redio nyingine zilizozoea kupokea matangazo ya Yankees kutoka WFAN msimu mzima zilitakiwa kuchukua ya ESPN. Msikilizaji wa mji wa mbali aliyemkosa Sterling aliilaumu redio yake bure.

Na wewe unayesikiliza kwa intaneti ukiwa Nairobi au Muscat, usidhani simu imeharibika kipindi cha maongezi kinapokwisha na mechi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, isisikike. Haki za kurusha mechi kwa mnara hazibebi haki za kuirusha kwa intaneti kila mahali.

Ukitaka kumjua mwenye kituo, subiri saa itimie. Sheria ya Marekani inaitaka kila redio, karibu na mwanzo wa kila saa, itamke herufi zake za leseni na mji wake. Kwenye 880 utasikia WHSQ, New York. Chukua herufi hizo, zitafute kwenye majalada ya wazi ya Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, na jina la mwenye leseni utalikuta limeandikwa.