Maana ya huduma ya kiroho kwa mtoto mwenye ugonjwa mzito

Huduma ya kiroho kwa mtoto mwenye ugonjwa mzito ni sehemu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa na kuisaidia familia yake. Sehemu hii hushughulikia hofu, matumaini na maswali yasiyo na kidonge: kwa nini ninaumwa mimi, nimekosa nini, mama atabaki na nani. Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza tiba shufaa kwa watoto mwaka 1998, liliitaja roho pamoja na mwili na akili, likaihusisha familia, na likasema huduma ianze ugonjwa unapotambuliwa. Haingoji dawa zishindwe.

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako hospitali nyingi zilianzishwa na makanisa, wengi huielewa huduma hii kuwa ni mchungaji au padri kupita wodini kuombea wagonjwa. Maombi yana nafasi yake, na familia ya Kiislamu nayo ina haki ya kumwita shehe wake. Lakini mtoto anaweza kuombewa kila asubuhi asiulizwe hata siku moja anaogopa nini.

Tuseme binti wa miaka 8 kutoka Makete, aliyelazwa Mbeya kwa saratani, anauliza kila jioni ni nani anayewalisha simbilisi wake. Muuguzi anayewajua watoto hatamwambia aache kuwaza hayo. Atampigia bibi yake simu ili mtoto asikie mwenyewe kwamba majani yamekatwa, kisha atavuta kiti akae, kwa sababu swali hilo mara nyingi hufuatwa na jingine: "Nisiporudi, watakuwa wa nani?"

Umri nao huzingatiwa. Kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 5 haelewi bado kwamba aliyekufa harudi. Akiambiwa mwenzake wa kitanda cha pili "amelala", anaweza kuanza kuogopa usingizi. Mkubwa kidogo hudhani ugonjwa ni adhabu, na minong'ono ya watu wazima kuhusu laana au kurogwa, ambayo huisikia vizuri tu hata akiwa amefumba macho, humthibitishia. Hapo, kwa maoni yangu, kiongozi wa dini ana uwezo kuliko daktari, maana akimwambia mtoto kwamba Mungu hakumkasirikia, ataaminiwa. Anayemwambia mzazi aache dozi kwa kuwa mtoto ameshaponywa, huyo hatoi huduma ya kiroho.