Kulazwa kwa lazima hospitali ya akili: sheria inataka nini hasa?

Dhana: Daktari akishaandika kwamba una ugonjwa wa akili, unaweza kulazwa utake usitake.

Hii ndiyo inayowafanya watu wakimbie matibabu, na si kweli. Kenneth Donaldson aliingizwa hospitali ya serikali huko Florida, Marekani, mwaka 1957 kwa maombi ya baba yake, akakaa humo karibu miaka 15. Hakukuwa na ushahidi kwamba aliwahi kuwa hatari kwa mtu, wala kwamba aliwahi kutaka kujiua. Rafiki aliyesoma naye chuo aliomba zaidi ya mara moja akabidhiwe amtunze, akakataliwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema wazi: ugonjwa peke yake si sababu ya kumfungia mtu asiye hatari, anayeweza kuishi salama uraiani, iwe mwenyewe au kwa msaada wa ndugu na marafiki.

Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Winterwerp dhidi ya Uholanzi, iliweka masharti matatu: ugonjwa uthibitishwe kitaalamu, uwe wa kiwango kinacholazimu kumzuia mtu, na uwe bado upo. Sharti la tatu ndilo linalosahaulika sana. Mgonjwa akipata nafuu ya kutosha, uhalali wa kumshikilia unaisha, hata kama karatasi bado zina muda.

Dhana: Lazima awe amempiga mtu kwanza.

Hapana. Hatari ya kujiua inahesabika, na sheria nyingi zinamhesabu pia mtu aliyefikia hali ya kushindwa hata kula. Sheria ya Italia ya 1978 haitaji hatari kabisa: inauliza kama matibabu ni ya haraka, kama mgonjwa ameyakataa, na kama hayawezekani nje ya hospitali.

Dhana: Ndugu wakikubaliana, imekwisha.

Ndugu anaweza kuomba. Kuamua si kazi yake. Huko huko Italia wanahitajika madaktari wawili, amri ya meya, kisha jaji aithibitishe, na yote hayo ni kwa siku 7 za mwanzo tu. Kuongeza muda kunahitaji sababu zielezwe upya.

Dhana: Ukishalazwa huna pa kulalamikia.

Unapo. Mgonjwa anaweza kupinga mbele ya mahakama au baraza huru. Aombe nakala ya amri iliyomlaza, kwani ndiyo yenye tarehe ya mwisho na sababu atakazozipinga.