Ameacha unga, mbona nyumba haijatulia?

Mume ameanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), wiki ya tatu hii. Hatoki tena usiku na sufuria haziibiwi. Lakini sasa halali. Akiguswa bega kwa nyuma anaruka, na swali dogo tu linamfanya afoke. Mkewe anajiuliza kama amerudia, au kama dawa yenyewe ndiyo inayomharibu. Kwa familia za Tanga zinazomsindikiza mgonjwa hadi kliniki ya methadoni ya hospitali ya Bombo, jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu ni hapa ndoa inapoweza kuvunjika, pale ambapo matibabu yalikuwa yameanza kushika.

Kwa kawaida methadoni hunywewa kliniki mbele ya mhudumu, kila siku, sikukuu zikiwemo. Dozi ya kwanza huwa kati ya miligramu 15 na 30, kisha huongezwa 5 hadi 10 kila baada ya siku chache. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo dozi bado inatafutwa, na arosto kidogo, yaani maumivu ya kukosa unga, inaweza kubaki. Ila unga ulikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuondoa arosto: ulizima kumbukumbu. Mtu aliyepigwa vibaya utotoni, aliyebakwa maskani, aliyeona wenzake wakizama baharini, alipokuwa akivuta hakuyasikia hayo. Akiacha, yanarudi yote kwa mkupuo. Hicho ndicho kiwewe, na methadoni haikitibu.

Arosto na kiwewe mtu wa nyumbani anaweza kuvitofautisha. Arosto hufuata saa. Huja dozi inapokaribia kuisha: miayo, machozi, makamasi mepesi, mboni za macho kutanuka, malaika kusimama, tumbo kukata, mifupa kuuma. Akinywa dozi, inapungua. Kiwewe hakijali saa ya dozi, hufuata kitu. Mlango umebamizwa, kapita mtu mwenye sare, imekuja harufu fulani, na ghafla moyo unamdunda, jasho linamtoka, macho yanaganda mahali pamoja kama vile hayupo chumbani. Hapo usimkamate wala usimtikise. Washa taa, simama mbele yake anapokuona, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Akanyage sakafu kwa miguu mitupu na ashike kitu cha baridi. Akisharejea, andika kwenye daftari saa, kilichotangulia na alikunywa dozi saa ngapi. Daftari hilo lipelekeni kwa mshauri. Kurasa mbili zake zinamsaidia kuliko lawama za mwezi mzima.

Tiba ya kiwewe haina haja ya kungoja mwaka wa "usafi", yaani wa kukaa bila unga. Dozi ikitulia, mshauri huanza na usingizi na namna ya kujituliza, kisha mgonjwa huligusa tukio lenyewe kidogo kidogo, kwa kawaida katika vikao 8 hadi 15. Asilazimishwe kulisimulia lote siku moja, na hasa si kwenye kikao cha ukoo. Vikao hivyo huitishwa kwa nia njema, lakini mjomba akishafungua orodha ya vitu vilivyoibiwa, mkeka unageuka mahakama. Neno "teja" nalo libaki nje ya mlango.

Kuna ugomvi unaotokana na dawa tu. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupata arosto ya kweli hata kama jana dozi ilimtosha, kwa kuwa rifampisini huharakisha methadoni kuisha mwilini. Nyumbani anaonekana mwongo, kumbe anahitaji dozi ipitiwe upya. Methadoni pia inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mke akadhani kuna mwanamke mwingine. Yote mawili aambiwe daktari. Wasioelewa humshinikiza mgonjwa aache methadoni haraka. Hatari yake ni kubwa: akirudia unga wakati mwili umeshausahau, kete (kipimo cha unga) aliyoizoea zamani inaweza kumuua. Hata aliyekosa kliniki siku tatu mfululizo hapewi dozi ileile kabla ya kupimwa upya. Na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) juu ya methadoni inaweza kusimamisha pumzi. Akikoroma isivyo kawaida, haamki na midomo inabadilika rangi, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Imani kati ya mume na mke hairudi kwa kiapo. Njia inayofanya kazi ni ndogo mno, na wengi huidharau. Chagueni saa moja, tuseme baada ya Magharibi. Mume aseme: "Mama Zuhura, leo nimekunywa dozi, sijagusa unga, na mpaka kesho sitagusa." Mke ajibu: "Nakushukuru, Baba Zuhura." Basi. Madeni, wakwe na yaliyopita vina siku yake kwa mshauri. Faida yake ni kwamba swali linajibiwa mara moja kwa siku, badala ya mfuko kupekuliwa kila anapoingia. Pesa nazo zianze na kidogo: atumwe samaki kwa shilingi elfu tatu, arudi na chenji, na mkewe aseme ameiona.

Penye kipigo, njia hii isitumike kabisa. Mke aonwe peke yake, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Watoto waambiwe ukweli mfupi: baba anaumwa, anatibiwa, si kosa lenu. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Kwa anayetaka kuanza matibabu, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na siku ya kwanza kliniki aje na ndugu mmoja atakayekuwa tayari kurudi naye.