Mashine pepe ikigoma kuwaka: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ikigoma kuwaka, ISO imeharibika. Ipakue upya." Ndivyo huambiwa anayeshindwa kuwasha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako kwa programu kama VirtualBox; ISO ni faili moja iliyobeba kisakinishi kizima cha mfumo. Hii ndiyo dhana inayomaliza MB za wanafunzi wa kompyuta kuanzia Kampala hadi Gulu, maana ISO ya mfumo wa Ubuntu Desktop 24.04 inakaribia GB 6. Ukweli ni kwamba faili hupimwa kwanza, lawama baadaye. Kwenye Windows, fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili, andika `certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256` (weka jina halisi la faili yako), kisha linganisha herufi na tarakimu 64 utakazopewa na zile zilizo katika faili ya SHA256SUMS kwenye tovuti ya Ubuntu. Zikilingana, faili ni nzima. Tafuta kosa kwingine. Ikitofautiana hata moja, futa faili hiyo. Kuwa na ukubwa sawa si ushahidi wa uzima. Na ukilazimika kurudia kupakua, tumia `curl -L -C - -O` ikifuatwa na anwani ya faili, ili intaneti ikikatika uendelee ulipoishia.

"No bootable medium found" nayo husomwa kama diski imekufa. Wala haijafa. Diski ya mashine pepe mpya ni tupu, na VirtualBox inakuambia tu kwamba haikuona pa kuanzia. Ingia Settings, kisha Storage. Mara nyingi chini ya kidude cha CD utakuta neno "Empty". Chagua hapo ISO yako. Halafu katika System, pandisha Optical juu ya Hard Disk. Usakinishaji ukiisha, itoe hiyo ISO, la sivyo kisakinishi kitafunguka tena na utadhani kazi yote imepotea bure. Ukisakinisha Windows ndani ya mashine pepe kuna mtego mwingine: "Press any key to boot from CD or DVD" hukaa sekunde chache tu. Bofya ndani ya dirisha la mashine mapema, ubonyeze kitufe. Ukichelewa katika hali ya EFI (njia mpya ya kuanzisha kompyuta, badala ya BIOS ya zamani) unaweza kuishia kwenye "Shell>". Washa upya, ujaribu tena.

Wengine huambiwa laptopu yao ya mtumba ni kuukuu mno, kwa kuwa VirtualBox inaonyesha biti 32 pekee au inalalamika "VT-x is disabled in the BIOS", yaani uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe umezimwa katika mipangilio ya kuanzisha kompyuta. Ushauri huu huwauzia watu mashine mpya bila sababu. Core i5 ya miaka kumi iliyopita ina VT-x, imezimwa tu. Tazama Task Manager, Performance, CPU. Ukiona "Virtualization: Disabled", zima kompyuta, iwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, uwashe Virtualization Technology (kwa AMD huitwa SVM), uhifadhi, kisha uizime kabisa kabla ya kuiwasha. Laptopu zilizotoka maofisini wakati mwingine zina nywila ya BIOS, kwa hiyo mwambie muuzaji aiondoe kabla hujalipa.

Kama imeandikwa "Enabled" na bado inagoma, huenda Hyper-V, kiendesha mashine pepe cha Windows yenyewe, imeshika usukani. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, uwashe upya. Ukiwa unatumia WSL2 (Linux ndani ya Windows) au Docker (programu ya kuendesha programu katika makontena), jua kwamba zitasimama mpaka uirudishe kuwa `auto`.

Kuhusu RAM, kuijaza si dawa. Kwenye laptopu ya GB 8, Ubuntu ipewe MB 4096. Ukiipa 1024 inaweza kuanguka kwa "kernel panic" (kiini cha mfumo kusimama ghafla), na ukiipa 7000 kompyuta yenyewe ndiyo itakayokwama. Windows 11 inadai GB 4, diski ya GB 64, viini viwili vya prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo VirtualBox inayo kuanzia toleo 7.0.

Na kile kisanduku cha EFI kilicho katika System usikiguse baada ya kusakinisha. Mfumo uliowekwa kikiwa kimezimwa kwa kawaida hauwaki ukikiwasha. Kirudishe kilivyokuwa, na mfumo utaonekana.