Mafunzo ya uongozi na utumishi ugenini: vijana wa Ireland wanafuata nini Washington?

Neno "mtumishi" lina sura mbili. Ofisa wa serikali ni mtumishi wa umma, na anayetumwa maji na chai naye ni mtumishi. Mafunzo haya humwonjesha kijana zote mbili: anatoka chuoni kwao, anavuka bahari, anapangiwa ofisi ya kufanya mafunzo kwa vitendo, kisha anarudi kuitumikia jamii yake.

Mfano unaojulikana ni Washington Ireland Program, ulioanza 1995. Huchukua wanafunzi wa Jamhuri ya Ireland pamoja na wa Ireland Kaskazini, ambayo iko chini ya Uingereza. Wakati wa kiangazi hukaa Washington kwenye nyumba za wenyeji na kufanya kazi katika ofisi za wabunge, mashirika na makampuni.

Kwa nini waende mbali hivyo? Jibu liko nyumbani. Machafuko ya Ireland Kaskazini, yaliyozigawa jamii za Wakatoliki na Waprotestanti, yaliua watu wapatao 3,500 kabla ya Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998, na hadi leo watoto wengi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti husoma shule tofauti. Hata jina la mji mmoja wa huko lina mtego: ukisema Derry umeshahesabiwa upande wa Wakatoliki, ukisema Londonderry umehesabiwa upande wa Waprotestanti. Kijana anaweza kumaliza sekondari bila kula meza moja na mwenzake wa mtaa wa jirani. Washington hakuna anayemuuliza parokia yake. Wote wanaitwa "wale wa Ireland", basi.

Wazo hilo lina mzizi wa zamani. Mwaka 1975 Denis Mulcahy, polisi wa New York aliyekuwa akitegua mabomu, alishirikiana na wenzake kuwaleta watoto 6 wa Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, wapumzike Marekani: Wakatoliki 3, Waprotestanti 3. Mpango huu wa wanachuo ulioanza 1995 ulichipuka kutoka humo.

Na "uongozi"? Nakiri neno hilo hunitia shaka. Semina nyingi za uongozi huishia kwenye vyeti na picha ya pamoja. Lakini katika ofisi ya mbunge wa Marekani, mwanafunzi huanzia chini. Anapokea simu, anafungua barua, anatembeza wageni jengoni. Mzee anapiga akifoka kwamba malipo yake ya uzeeni yamechelewa, na kijana wa miaka 20 inabidi anyamaze, aandike jina, asikilize mpaka mwisho.

Leo Varadkar alipitia mpango huu mwaka 2000 akiwa mwanafunzi wa udaktari, na 2017 akawa waziri mkuu wa Ireland. Wengi hawafiki huko, wala si lazima. Sehemu ya utumishi hufanyika kwao, kwa kujitolea katika jamii ile ile yenye mitaa miwili, ambako kila mtu anajua parokia yako.