Rauta ya mbao ni kitu gani, na ya kumpea fundi zawadi unachaguaje

Nilimwambia dadangu nataka kumnunulia shemeji rauta Krismasi hii, akaniuliza, kwani Wi-Fi yetu imekukosea nini? Basi wacha tuanzie hapo. Kuna rauta ya intaneti, ile inawaka taa juu ya kabati ya TV, na kuna rauta ya mbao, na hizi mbili hazijuani kabisa. Ukishuka Luthuli Avenue hapa Nairobi ukaulize rauta bila kusema ni ya mbao utapewa ile ya kwanza, na muuzaji hatakuwa na makosa.

Rauta ya mbao ni mota imesimama wima. Chini ya mota kuna mdomo, kwa huo mdomo unafunga kisu kidogo kinaitwa biti, mota inaizungusha biti mara 10,000 hadi 30,000 kwa dakika, na wewe unaisukuma mashine juu ya mbao. Pale biti imepita mbao inabaki na umbo la hiyo biti. Ni hivyo tu. Drili inatoboa kwenda chini, msumeno unatenganisha, rauta yenyewe inakula ikienda kando. Ule mviringo laini kwa ukingo wa meza ambao ukipitisha mkono haukukwaruzi, ule mfereji wa nyuma ya kabati ambapo plaiwudi inaingia, kishimo cha bawaba ili mlango ufunge bila kuacha pengo, maua kwa kichwa cha kitanda, hiyo yote rauta inaifanya. Unaweza kuifanya pia na patasi, watu waliifanya hivyo miaka na miaka, na Waingereza walikuwa na kifaa cha mkono cha hii kazi wakikiita jino la bikizee juu ni kisu kimoja tu kimejitokeza katikati ya kipande cha mbao. Mimi hilo jina nalipenda kuliko rauta.

Sasa za stima ziko aina mbili kubwa. Kuna ndogo ya kushika na mkono mmoja, mafundi wanaiita trima, ilitengenezewa kukata fomaika, ile karatasi ngumu inabandikwa juu ya meza, inayozidi kwa ukingo wa meza lakini siku hizi inafanya mambo mengi. Nyingi ziko kati ya wati 500 na 700 hivi. Halafu kuna ile kubwa ya mishikio miwili na springi, unaiwasha ikiwa juu halafu unaizamisha kwa mbao polepole, hiyo inaanza kama wati 1,200 na kupita 2,000. Ukiwa na pesa kidogo na mtu wako ni fundi wa stuli, vitanda na kabati za jikoni, ama ni mtu anajifunza, chukua trima. Ile kubwa ya bei rahisi sana mimi siiamini, chuma chake cha kuzamisha kinacheza, unaweka milimita tano unapata sita, na mashine yenye nguvu ikiwa inacheza kwa mkono wa mtu mgeni ni shida. Trima hata fundi akishapata kubwa bado anaitumia, hakuna mtu anataka kubeba mashine ya kilo tano kwenda kuzungusha kona za stuli.

Lakini kitu chenye nilitaka kusema hasa si wati. Muuzaji atakuimbia wati toka uingie mpaka utoke. Kitu cha kuuliza ni koleti.

Koleti ni ule mdomo, kipete cha chuma chenye mipasuo, ukikaza nati kinabana shafti ya biti. Kila koleti inabana saizi moja. Kuna ya robo inchi, yaani milimita 6.35, kuna ya nusu inchi, yaani 12.7, halafu ziko za milimita 6, 8 na 12. Unaona pale shida inaingilia. Biti ya milimita 6 inaingia kwa koleti ya robo inchi vizuri kabisa, ukiangalia kwa macho utasema imetoshea, na tofauti ni milimita 0.35 pekee, kitu ya nywele chache. Sasa washa mashine izunguke mara 30,000 kwa dakika na hiyo nafasi iko. Biti inateleza, inashuka yenyewe inachimba meza ya watu, ama inachomoka, na ikichomoka haikuulizi umesimama wapi. Mtu akikuambia kaza tu sana itashika, huyo tafuta duka lingine.

Kwa hivyo kabla ya kununua, jua biti gani huyo mtu ako nazo tayari. Mimi nilimpigia kijana anasaidia shemeji huko Kariobangi nikamwambia, boss, nipigie picha ya biti zenu zikiwa kando ya rula, lakini mzee asijue. Akatuma. Zote nusu inchi, alikuwa anaazima mashine ya jirani. Hapo nikajua trima nikinunua kama ilivyo nimempea mtu gari bila magurudumu, juu trima za kawaida zinabana robo inchi ama milimita 6, nusu inchi haiwezi kuingia. Kinyume chake kinawezekana, mashine ya nusu inchi unaweza kuiwekea kipunguzi ikabana robo, lakini mdomo mdogo haupanuki. Nikagawa bajeti mara mbili, sehemu ya mashine, sehemu ya biti.

Na biti usidharau. Mashine nzuri na biti mbovu inaunguza mbao, unaona ukingo umekuwa mweusi kama mkate umesahauliwa. Tafuta zenye ncha ya kabaidi, zile vipande viwili vya chuma vya rangi tofauti vimeunganishwa kwa ncha. Za chuma kitupu zinakata saiprasi vizuri siku za kwanza lakini ukizipeleka kwa emudiefu (MDF), ile mbao ya kiwandani ya unga wa mbao na gundi, hiyo gundi iko ndani inazimaliza makali haraka sana. Seti ya biti 12 ama 15 za robo inchi inaonekana dili, na kwa anayeanza ni sawa, ingawa ukweli ni kwamba atatumia tatu nne tu: ya kuchimba mfereji ulionyooka, ya kuzungusha ukingo, na ile ina beringi kwa ncha ya kufuata pateni. Zingine zitakaa kwa boksi zikipendeza. Kwa fundi wa kazi ningependelea biti nne nzuri.

Ukiona kuna kigurudumu cha kubadilisha kasi, lipia hiyo nyongeza kama unaweza, biti pana inataka mwendo wa chini.

Mtumba sasa. Kuna mashine nzuri sana zinatoka Uingereza, bei inakufanya ucheke, halafu unaangalia plagi ni ya manjano, mviringo. Hiyo ni ya volti 110, kule saiti za ujenzi wanatumia 110 kwa usalama. Stima yetu ni 240. Ukikata hiyo plagi ukafunga ya kawaida utasikia mlio mmoja mzuri sana na moshi. Ya Marekani ni hivyo hivyo, 120. Inaweza kutumika na transfoma, lakini transfoma ni pesa na ni mzigo, nani anapeana zawadi ya kubebwa na mkokoteni.

Za betri pia ziko na mtego wake. Unaona bei unafikiri umeokota, kumbe ni bodi tupu, betri kando, chaja kando, na hizo mbili zinaweza kuzidi mashine yenyewe. Kama fundi wako tayari ako na drili ya betri ya kampuni fulani, basi bodi tupu ya kampuni hiyo hiyo na volti hizo hizo ni zawadi safi, na stima ikipotea anaendelea na kazi.

Dukani sema wakuchomekee uisikie, sekunde chache bila biti. Inatakiwa kulia sauti moja. Ikiwa inatetemeka mpaka inatembea kwa kaunta, rudisha. Shika ule mdomo ikiwa imechomolewa, usukume kushoto kulia, usisikie mchezo. Ulizia kaboni za akiba, vile vipande viwili vinaisha kwenye mota, kama hawauzi kaboni zake siku zikiisha shemeji atakuwa na pambo. Ongeza miwani ya plastiki na barakoa, ni pesa ndogo, vumbi la emudiefu si la kuvuta.

Na kabla hujafunga na karatasi ya maua, fungua boksi uone spana zake ziko ndani, nyingi huja na mbili. Bila hizo biti haifungiki, na itakuwa ni tarehe 25, na maduka yote ya River Road yamefungwa.