Ovadraivu Haipimwi kwa Kufunguliwa Mpaka Mwisho

Mteja wa tatu ndani ya mwezi huu ameingia karakanani kwangu na pedali ya ovadraivu mkononi, ile ya kuikwaruza sauti ya gita la umeme, na lalamiko lile lile, kwamba sauti inapotea kati ya vyombo vingine: "Fundi, dukani ilikuwa moto, lakini jukwaani inazama." Nilimwuliza aliipimaje kabla ya kulipa. Alizungusha draivu, nobu ya kuongeza mkwaruzo, mpaka mwisho, akapiga kodi ya nguvu (noti ya msingi na ya tano yake kwa pamoja) mara mbili tatu, akatabasamu, akatoa pesa. Niliifungua pedali hiyo mbele yake, nikapitisha mita kwenye sakiti yote, na sikuona hitilafu hata moja. Kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili kaunta, leo naliandika.

Imani inayonichosha ni kwamba uwezo wa ovadraivu, hasa ile inayosifiwa kuwa inafaa kwa kazi nyingi, huonekana draivu ikiwa imefunguliwa yote. Hapo ndipo pedali zote zinapofanana. Chukua sakiti ya Tube Screamer, ambayo Ibanez waliitoa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo imezaa nakala na binamu wasiohesabika. Draivu ikiwa chini kabisa, hatua ya kwanza ya sakiti hiyo hukuza ishara takriban mara 12. Ikiwa juu kabisa, takriban mara 118. Diodi za silikoni zilizo kwenye njia ya mrejesho huanza kukata vilele vya wimbi zikipata kama volti 0.6. Sasa tupige hesabu. Pikapu, ile sumaku ya gita inayonasa mtikisiko wa nyuzi, ikitoa milivolti 100 unapochapa waya kwa nguvu ya wastani, mara 12 ni volti 1.2, kwa hiyo pedali inakata tayari ingawa draivu hujaigusa. Ukilegeza kidole mpaka milivolti 40, unashuka chini ya kizingiti na sauti inasafika. Katika eneo hilo pedali inausikiliza mkono wako. Ukiifungua yote, milivolti 5 zinatosha kufikia kizingiti, maana yake hata shati likigusa nyuzi linakatwa vilele, na anayepiga kwa upole hana tofauti na anayepiga kwa hasira. Mpigo wa ukucha unaotangulia noti humezwa, na jukwaani mpigo huo ndio unaolitenganisha gita na kinanda. Kuzama kunatoka hapo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Hakikisha adapta ni ya volti 9 na hasi iko katikati. Linganisha levo ya pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa kabla ya kutoa hukumu yoyote, kwa sababu sikio hupenda chochote kilichozidi sauti, na wauzaji wanalijua hilo. Toni iache katikati mpaka umalize kusikiliza mengine.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kinachopigwa wakati wa kupima. Ovadraivu ikipokea noti mbili kwa pamoja haikati kila moja kivyake. Hukata wimbi moja la jumla, na katika kukata huko huzaliwa sauti ambazo hukuzipiga, mojawapo ikiwa na masafa yaliyo sawa na tofauti ya zile noti mbili. Piga A ya hezi 110 pamoja na E ya hezi 164.8: tofauti yake ni hezi 54.8, karibu kabisa na A ya oktavu ya chini, ambayo ni hezi 55. Ndiyo maana kodi ya nguvu hunenepa ikipita kwenye pedali, na ndiyo maana pedali yoyote, hata ile ya bei ya chakula cha mchana, huonekana nzuri kwa kodi hiyo. Lakini piga A ya hezi 440 pamoja na C shapu ya hezi 554.4, ambayo ni noti ya tatu ukihesabu kutoka A kwenye skeli yake. Tofauti ni hezi 114.4, na sauti hiyo inaangukia kati ya A na A shapu, mahali ambapo gita lako halina freti. Unasikia mngurumo chini ya noti zako, kama mtu anayevuta meza chumba cha pili.

Sasa, gita la solo la rumba na la muziki wa dansi hutembea kwa noti mbili mbili, za tatu na za sita zikienda sambamba. Mtu anayepiga hivyo kila Jumamosi anaingia dukani na kupima pedali kwa kodi ya nguvu, ambayo hataipiga hata mara moja ukumbini! Pima kwa kile unachopiga. Anza na draivu robo, tembeza noti za tatu juu na chini ya shingo, kisha iongeze kidogo kidogo mpaka ule mngurumo uanze kusikika kama mpiga gita wa pili asiyejua wimbo. Pedali ambayo mpaka huo umechelewa, hiyo ndiyo ya kazi nyingi, hata kama ina nobu tatu tu na haina swichi za kupendezesha. Tube Screamer inasaidiwa na mambo mawili: chini ya takriban hezi 720 ukuzaji wake hupungua, kwa hiyo besi haikatwi sana, na ishara safi hubaki ikichanganyika na ile iliyokatwa.

Baada ya hapo iache draivu, shusha volyumu ya gita lenyewe kutoka 10 hadi 5, na usikilize kama sauti inasafika bila kufifia trebo yote. Hapa gita na kebo vina lawama sawa na pedali, kwa hiyo pima kwa gita lako, si la duka.

Yapo nisiyoweza kuyatetea. Tube Screamer za TS808 na TS9 ya mwaka 1982 hutofautiana hasa kwa rezista mbili za mwisho wa sakiti, na kuna wanaoapa kwamba wanazitambua gizani. Boss SD-1 ya mwaka 1981, ovadraivu nyingine, hukata upande mmoja wa wimbi zaidi ya mwingine. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi, naliona jambo hilo waziwazi, lakini ngoma zikianza silisikii. Kuhusu chipu ya 4558 inayoabudiwa, ile inayokuza ishara ndani ya Tube Screamer, niliweka soketi, nikampa kijana wangu chipu tatu azibadilishe nikiwa nimempa mgongo, na nilikosea mara nyingi kiasi cha kuona haya. Hata hivyo, yapo mapedali mawili ambayo vipimo vyake ni sawa na vidole vyangu vinakataa kukubali kuwa ni sawa. Sina maelezo.

Na tafadhali, usiipime kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye miksa kisha ukasema ina sauti ya nyuki. Spika ya gita ya inchi 12 huporomosha masafa yaliyo juu ya takriban hezi 5,000. Spika za ukumbi hazifanyi hivyo, na nyuki unaowasikia daima wamo ndani ya ovadraivu.

Yule mteja nilimbandikia kipande cha plasta juu ya pedali na kuandika: "Draivu saa tatu." Jumamosi akanipigia simu kutoka mazoezini akisema bado inazama. Nikamwomba anitumie picha. Mshale wa draivu ulikuwa umeelekea pale tarakimu 3 inapokaa kwenye uso wa saa, yaani robo tatu ya njia.

"Kaka," nikamwambia, "saa tatu asubuhi mshale mfupi wa saa yako ya ukutani unaelekea wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia gita likisafika.